Jani Jeupe Hulishwa na Jani la Kijani: Hotuba Kuhusu Mikonge ya Mapambo Katika Bustani za Joto

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Moshi mbele ya wenye vitalu na wapenda bustani waliotoka Moshi, Mwanga, Same na Arusha. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, nanyi ndugu zangu mliofunga vitalu asubuhi ya leo ili mje kusikiliza: shikamooni. Kwa wenzangu wa rika na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mikonge ya mapambo, ile ambayo wengi wenu mnaiita agave, na hasa ile yenye majani ya rangi mbili: kijani na nyeupe, au kijani na njano. Nimekubali kwa furaha kwa sababu mmea huu sasa uko kwenye malango ya hoteli, kwenye nyua za makanisa na misikiti, na kwenye nyumba mpya zinazojengwa kutoka Himo hadi Usa River. Nimekubali pia kwa sababu unaungua, unaoza na kupoteza mistari yake mahali hapo hapo, na chanzo ni kimoja. Tunaupanda tukijiambia kwamba huu ni mkonge, na mkonge haufi. Je, ni kweli kwamba mkonge haufi?

Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipita Hamburg, ikapakiwa tena melini, na ilipofika pwani ya Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62. Miche 938 ilifia njiani. Mashamba yote ya mkonge ambayo baba zetu waliyafanyia kazi, kuanzia Tanga na Korogwe hadi huku Mwanga na Same, yalianza na ile 62. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkonge hufa. Na ule ulikuwa mkonge wa kijani mtupu, wenye nguvu zake zote. Huu wetu wa mistari una nguvu pungufu, na kazi yangu asubuhi hii ni kueleza upungufu huo unatoka wapi na mtu mwenye bustani ya joto afanye nini.

Niseme pia kwamba mmea huu si mgeni kabisa hapa. Ule wenye majani membamba magumu na kingo nyeupe, unaouzwa kwenye viriba kando ya barabara, ni Agave angustifolia. Watafiti wa kituo cha Mlingano mkoani Tanga waliichukua spishi hiyo hiyo wakaichanganya na Agave amaniensis, iliyopewa jina la Amani kule Usambara, wakapata mseto namba 11648 ambao bado unalimwa mashambani. Kwa hiyo mnayemuuza kama pambo ni wa ukoo mmoja na yule anayetoa katani. Asili yao wote ni Meksiko na nchi za jirani, na aina nyingine za agave zimeenea hadi majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani. Huko ndiko watu walikojifunza kwa miaka mingi namna ya kuutunza mmea wa mistari kwenye joto kali, na nitachukua mengi kutoka kwao.

Jambo la kwanza, na ndilo linalobeba mengine yote: mstari ni nini?

Mstari ule ni sehemu ya jani isiyokuwa na umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Pale kichwani mwa mmea, majani yanapozaliwa, seli zimepangika kwa tabaka. Seli moja ikipata hitilafu na kupoteza uwezo wa kutengeneza umbijani, kizazi chake chote hurithi hitilafu hiyo. Tabaka lenye hitilafu likiwa la nje, majani hutoka na kingo za njano au nyeupe, kama Agave americana ya aina ya 'Marginata', ule mkubwa ambao mnauona kwenye mizunguko ya barabara. Tabaka lenye hitilafu likiwa la ndani, weupe hukaa katikati ya jani na kijani hubaki kingoni. Huo ndio 'Mediopicta Alba', ambao wengi wetu hapa tunautamani kuliko yote na ambao ndio unaotutoa machozi.

Fikirieni nyumba yenye watu wanane, watatu wakilima na wanane wakila. Nyumba hiyo inaweza kuishi vizuri kabisa, lakini haiwezi kustahimili mwaka mbaya sawasawa na nyumba ambayo wanane wote wanalima. Sehemu nyeupe ya jani hailimi. Hunywa maji, hudai madini, hukua, lakini chakula chake chote hutoka kwenye sehemu ya kijani iliyo kando yake. Ndiyo maana mkonge wa mistari hukua polepole kuliko ndugu yake wa kijani, na kadiri weupe unavyozidi ndivyo upole huo unavyozidi. Mteja akikuuliza kwa nini mche mdogo wa 'Mediopicta Alba' una bei kubwa, mweleze hilo. Ni maelezo ya kweli na yanamtosha.

Wengi wenu mmeshaliona jambo hili la tabaka kwa macho yenu bila kulipa jina. Nani hapa hana sansevieria sebuleni, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima na kingo za njano? Mama mmoja kutoka Kibosho alinijia akiwa amekasirika. Alikata jani la sansevieria yake vipande, akavichomeka kwenye mchanga, vikaota vizuri, lakini kila mche uliotoka ulikuwa wa kijani bila ukingo wa njano. Alidhani amedanganywa na aliyemuuzia mmea wa mwanzo. Hakudanganywa. Kipande cha jani hakina ule mpangilio wa tabaka ulio kichwani. Mche mpya huzaliwa kutoka seli za ndani za jani, ambazo ni za kijani, na ukingo wa njano unapotea. Nilimshauri agawe kichaka kwa shina na mizizi badala ya jani, na sasa ana miche ya kutosha yenye kingo. Sansevieria na agave ni wa familia moja ya mimea, familia ambayo hata isale letu la Kichagga limo, lile tunalopanda mipakani na kupelekeana tunapoombana radhi. Kanuni ya tabaka ni ile ile kwao.

Sasa tuingie kwenye jua, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitakaa kidogo.

Tumezoea kusema kwamba mmea wa jangwani unataka jua. Jua gani? La saa ngapi? La upande upi? Umbijani, pamoja na rangi nyingine zinazoandamana nao, ndizo zinazopokea mwanga na kuutumia au kuuachilia salama. Pale zinapokosekana, mwanga mkali huwa mzigo, na jani huungua kuanzia palipo peupe: kwanza hufifia, kisha huwa la kahawia, kisha hukauka, na kovu lile halifutiki hadi jani lizeeke na kuondolewa. Aina za njano zimebakiwa na baadhi ya rangi za kujikinga, kwa hiyo kwa kawaida huvumilia jua kuliko zile nyeupe kabisa.

Mwaka 2023 jiji la Phoenix, katika jimbo la Arizona, lilipitia siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilipita nyuzi 43 za Selsiasi. Kulikuwa na usiku mwingi ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Yale madungusi makubwa ya saguaro, ambayo ni wenyeji wa jangwa lile na huishi zaidi ya miaka mia moja, yalidondosha mikono na mengine yakaanguka. Kwa nini usiku una uzito hapa? Kwa sababu agave na dungusi hufanya kazi kinyume na mahindi yetu. Hufungua vitundu vya majani usiku, huvuta hewa ya ukaa wakati hewa imepoa, huihifadhi mwilini ikiwa asidi, kisha mchana hufunga vitundu ili maji yasipotee na kuitumia ile akiba kutengeneza chakula. Usiku usipopoa, mmea hauna saa nzuri ya kupumua. Hapo ule wenye umbijani nusu ndio huumia mapema.

Je, wakulima wa bustani wa Phoenix wanafanya nini? Hawapandi agave ya mistari katikati ya uwanja mtupu. Huipanda chini ya miti ya jangwa yenye majani madogo, kama paloverde na meskiti, ambayo hupitisha mwanga uliochujwa. Huichagulia upande wa mashariki wa nyumba ili ipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Huiepusha na ukuta unaotazama magharibi, kwa sababu ukuta ule hupokea jua alasiri yote na kuurudisha moto wake hadi usiku. Majira ya joto yakiwa makali hutandaza neti inayokata asilimia 30 hadi 50 ya mwanga. Hayo yote ni kwa ajili ya mmea wa jangwani, jangwani kwake!

Nasi tunayo miti ya kufanya kazi hiyo. Mgunga wa Same na Mwanga, wenye vijani vidogo na mwavuli mpana, ni kivuli bora kabisa kwa agave yenye mistari, na inanisikitisha kila ninapoona mtu anaikata migunga yote kiwanjani kisha anakuja kununua neti. Kuna familia Mwanga iliyopanda miche ya aina moja, siku moja: mingine mbele ya ukuta wa magharibi, juu ya sakafu ya vigae, na mingine chini ya mgunga mmoja uliosalimika pembeni mwa kiwanja. Ilipofika mwishoni mwa Februari, ile ya ukutani ilikuwa imeungua katikati ya kila jani, na ile ya chini ya mgunga haikuwa na doa. Maji yalikuwa yale yale na mtunzaji alikuwa mmoja.

Lakini kuna jambo ambalo hatuwezi kulichukua Arizona jinsi lilivyo, na nawaomba mlishike. Phoenix iko mbali kaskazini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huko hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri liko kusini mwetu. Baada ya hapo huhamia kaskazini. Sasa jiulizeni: miezi yetu ya joto kali ni ipi? Ni Januari na Februari, wakati jua liko kusini. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini wa nyumba yako ndio unaotoa kivuli cha mchana katika miezi mibaya. Kivuli hicho si kirefu: ukuta wa mita tatu mwishoni mwa Desemba hutoa takriban mita moja tu saa sita mchana. Lakini mita moja inatosha kwa mstari wa agave ndogo. Kisha Juni na Julai, ambapo mawingu ya mlima yanatufunika na hewa ni baridi, upande huo huo hupata jua la moja kwa moja, ambalo wakati huo halidhuru. Kwa hiyo chagueni mashariki kwanza, kisha kaskazini. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini bila kuangalia jua lake mwenyewe ataweka mmea mahali pasipofaa.

Watu wa Arusha mjini, ninyi mko juu zaidi na hewa yenu ni ya baridi. Mengi ya haya ya jua hayawasumbui sana, na shida yenu kubwa ni mvua. Basi tuzungumzie maji.

Hapa tunakosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaosema ni mmea wa jangwani, usimwagilie kamwe, na wapo wanaoumwagilia kila jioni pamoja na nyasi. Mkonge wa mistari hautaki lolote kati ya hayo. Unataka kunywa kwa kushiba, kisha uachwe hadi udongo ukauke. Katika bustani za jangwani huko Arizona, mmea uliopandwa ardhini humwagiliwa kwa kina kila baada ya wiki moja hadi mbili majira ya joto, na mara chache sana majira ya baridi. Kwa Kahe, Mwanga na Same, mwagilieni Januari na Februari kwa mpangilio huo, alfajiri au jioni, maji yafike chini kwenye mizizi. Msimwage maji kwenye moyo wa mmea. Wakati wa masika msiguse kabisa.

Masika yenyewe ndiyo hatari kubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare hushika maji kwa siku nyingi, na shingo ya agave ikikaa kwenye tope huoza kutoka chini, mara nyingi mwenye bustani akigundua baada ya majani kulegea. Inueni tuta lenye urefu wa sentimita thelathini au zaidi, mchanganye moramu au kokoto za volkano ambazo sisi watu wa chini ya Kilimanjaro na Meru tumejaliwa kwa wingi, na shingo ya mmea ikae juu kidogo ya usawa wa udongo. Samadi iwe kidogo na iliyooza kabisa. Mbolea nyingi ya naitrojeni huufanya mmea ulegee.

Nakuja kwenye uzazi, na hapa nasema na wenye vitalu moja kwa moja, kwa sababu ndipo heshima ya biashara yetu ilipo.

Agave ya mistari huzaliana kwa maotea yanayochipuka shinani, na aina nyingine pia kwa vichipukizi vinavyoota kwenye mlingoti, yaani lile bua refu la maua, baada ya maua. Mbegu hazirithishi mistari. Mara nyingi hutoa miche ya kijani, na mingine myeupe inayokufa. Katika maotea mtaona aina tatu. Lipo lenye mistari, ambalo ndilo la kuuza. Lipo la kijani tupu, ambalo limerudi kwenye nguvu za babu zake. Na lipo jeupe au la njano tupu, lisilo na kijani hata kidogo.

La kijani ling'oeni mapema, na mling'oe hadi mzizini. Kwenye lango la nyumba moja ya wageni, barabara ya kwenda Arusha, kulikuwa na safu ya 'Marginata' iliyokuwa ikipigwa picha na kila mgeni. Maotea ya kijani yaliachwa kwa sababu yalionekana kuwa na afya, na kweli yalikuwa na afya. Yalikua haraka kuliko mama zao, yakawafunika na kunywa maji yao, na baada ya miaka michache safu ile ikawa kichaka cha mkonge wa kijani. Hakuna dawa ya kurudisha mistari kwenye otea lililokwisha kuwa kijani tupu.

Na lile jeupe tupu? Lina uzuri wa kushangaza, nami nakiri kwamba sijaona jani linalolifikia. Lakini linaishi kwa sababu limeunganishwa na mama yake. Ukilitenganisha, umelikatia chakula, na litakufa likishamaliza akiba yake ndogo. Yanauzwa kwenye simu kwa bei kubwa, na wanunuzi wanayalilia baada ya miezi michache. Ndugu zangu, tusiuze mche ambao tunajua hauwezi kuishi. Muachieni mama yake, mteja aje aliangalie hapo.

Kuhusu mlingoti: Agave americana huweza kukaa kati ya miaka kumi na thelathini kabla ya kuchanua, mlingoti ukapanda hata mita nane, kisha mmea mama hufa. Kukata mlingoti hakumwokoi mama. Jambo la kufanya ni kuwa na maotea yake yaliyokwisha kushika mizizi kabla ya siku hiyo.

Fukusi wa mkonge nitamtaja kwa kifupi, ingawa si mdogo kwa madhara. Ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anayetaga kwenye shina karibu na mizizi. Mabuu hula moyo, na uozo huingia pamoja nao. Tunakaa jirani na mashamba ya mkonge, kwa hiyo yupo. Mmea ukilegea ghafla na moyo ukatikisika mkononi, ng'oeni wote, mchome moto, na msiutupe kwenye lundo la mboji. Vivyo hivyo maotea msiyoyahitaji msiyatupe porini wala kwenye makorongo. Afrika Kusini imeuweka mkonge wa kawaida kwenye orodha ya mimea vamizi, na sisi tuna mbuga karibu sana na bustani zetu.

Mwisho ni wakati wa kupanda, kwa sababu swali hili nimeulizwa na watu wengi kabla hata sijasimama hapa. Mkonge wa kijani unaweza kuupanda mwanzoni mwa masika au vuli. Huu wa mistari, kwa bustani za joto, pandeni Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha na hewa ikiwa baridi. Mizizi itapata miezi sita ya kushika kabla ya Januari, na kumwagilia mara chache kutaufikisha. Ukiupanda vuli, utakutana na jua la Januari ukiwa bado haujajitegemea, na utalazimika kuuwekea neti. Unapouhamisha kutoka kitaluni, angalia ulikuwa umetazama wapi. Jani lililozoea kivuli lisigeuzwe ghafla kuelekea magharibi. Vaeni glovu na mikono mirefu, maana utomvu wake huwasha vikali, na mkate ncha za miiba kwa mkasi pale watoto wanapopita.

Pale mezani nimeweka maotea ya 'Marginata' na Agave angustifolia kwa kila kikundi kilichokuja. Wa Same na Mwanga waanze kuchagua, kwa sababu safari yao ni ndefu na miche isikae kwenye gari lililofungwa mchana. Kabla hamjabeba, geuzeni kila otea mtazame majani mapya ya katikati: lenye mistari pande zote mbili ndilo la kuchukua, na lenye kijani upande mmoja mniachie nilirudishe kitaluni. Ahsanteni sana. Sasa napokea maswali.